Mtakatifu Camillus de Lellis, Mbeba Wagonjwa

Wasomaji wapendwa, kila mmoja wetu amekwisha kumbeba mgonjwa, au atambeba siku moja. Katika vijiji vyetu, kituo cha afya kikiwa mbali na njia ikiwa ya matope, vijana huitwa, kipoyi hufungwa kwa miti na kamba, na mgonjwa hupandishwa mabegani. Kazi hiyo ni njema, nayo ni tendo la huruma. Lakini je, kazi njema hufanywa vema sikuzote?

Mimi mwenyewe naungama kosa langu. Nilipokuwa kijana, mzee mmoja wa kijiji chetu alianguka kutoka juu ya mchikichi. Tulimfikia mbio, watu wanne. Mmoja alimshika kwapani, mwingine akamshika miguu, tukamnyanyua kama watu wanyanyuavyo gunia la mihogo. Mzee alipiga kelele mara moja, kisha akanyamaza kabisa, nasi tukadhani ya kuwa amepata nafuu. Tulipofika kituoni, muuguzi alitueleza kwa upole kwamba mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, na kwamba namna yetu ya kumnyanyua ilimwongezea maumivu makali, nayo ingaliweza kumletea hatari kubwa zaidi. Tangu siku ile nimejua ya kuwa moyo mwema hautoshi. Mikono nayo yapasa kufundishwa.

Ndiyo sababu nataka kuwasimulia maisha ya Mtakatifu Camillus de Lellis, ambaye sikukuu yake ni tarehe 14 Julai. Yeye hakuzaliwa na mikono ya upole. Alikuwa na mikono ya askari na ya mcheza karata. Tazameni jinsi Mungu alivyoifundisha.

Utoto wake

Camillus alizaliwa tarehe 25 Mei 1550 katika mji mdogo wa Bucchianico, nchini Italia, katika milima ya Abruzzo. Baba yake, Giovanni, alikuwa askari mwenye cheo, mtu wa vita na wa michezo ya kamari. Mama yake, Camilla, alikuwa mwanamke mcha Mungu, naye alimzaa mtoto huyo katika uzee, hata watu wa mji wakamlinganisha na Elisabeti mama wa Yohane Mbatizaji.

Husimuliwa kwamba kabla ya kujifungua, mama huyo aliota ndoto. Alimwona mtoto mwenye msalaba kifuani, na nyuma yake watoto wengine wengi wakimfuata, nao wana msalaba vile vile. Mama hakufurahi, bali aliogopa sana, maana alidhani mwanawe atakuwa mkuu wa genge la wanyang'anyi. Akaenda kaburini bila kuijua maana ya ndoto yake, kwa kuwa alikufa Camillus angali mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi.

Mtoto alikua haraka, akawa mrefu kuliko watu wote wa mahali pake. Alipokuwa mtu mzima, kimo chake kilikaribia mita mbili. Lakini kadiri mwili ulivyokua, tabia ilizidi kuharibika. Alikuwa mwepesi wa hasira, mvivu wa masomo, na mpenda karata na dadu. Baba hakuweza kumwonya, maana yeye ndiye aliyemfundisha kwa mfano wake.

Askari mwenye kidonda

Camillus alipofikia ujana, yeye na baba yake walishika njia pamoja ili kwenda kuandikwa katika jeshi la Venezia, lililokuwa likipigana na Waturuki. Baba aliugua njiani akafa. Kijana akabaki peke yake, hana mali, tena ana kidonda mguuni, karibu na kifundo. Mwanzo kilikuwa kidonda kidogo. Lakini kiliendelea, hakikufunga, kikawa mwenzake mpaka kufa.

Mwaka 1571 alikwenda Roma, katika hospitali ya San Giacomo, iliyojengwa kwa ajili ya watu wenye maradhi yasiyopona. Kwa kuwa hakuwa na fedha, walimpokea kwa mapatano: wao watamtibu, naye atawatumikia wagonjwa wengine. Angalieni, ndugu, jinsi Mungu alivyomwita mara ya kwanza, naye hakusikia. Camillus aligombana na wafanyakazi, akaacha kazi yake ili kucheza karata, hata wakubwa wakachoka naye wakamfukuza.

Alirudi vitani. Kwa miaka kadhaa alitumika katika majeshi, akaona kifo mara nyingi, wala hakubadilika. Mwaka 1574, mjini Napoli, alicheza kamari mpaka akapoteza kila kitu: bunduki, upanga, joho, na mwisho hata shati. Askari yule mrefu akatoka mchezoni akiwa maskini kuliko ombaomba.

Akatangatanga mpaka mji wa Manfredonia, kando ya bahari, akasimama mlangoni pa kanisa akiomba sadaka. Bwana mmoja alimhurumia akampa kazi katika jengo la watawa Wakapuchini. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza punda wawili waliobeba mawe, maji na chokaa. Watoto wa mji walimcheka. Naye alivumilia kwa uchungu, akisubiri majira ya baridi yapite ili arudi jeshini.

Siku ya kugeuka kwake

Tarehe 1 Februari 1575 alitumwa kwenye nyumba ya watawa ya San Giovanni Rotondo ili kuleta divai. Jioni ile mkuu wa nyumba alimwita kando, akamweleza kwa maneno machache ya kuwa Mungu ni yote, na mengine yote si kitu, na ya kwamba mtu hana kazi kubwa kuliko kuiokoa roho yake. Camillus alisikiliza, akalala.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kumtolea Mtoto hekaluni. Camillus alikuwa njiani akirudi, amepanda punda wake, akiyafikiri maneno yale. Mara neema ikamchoma kama mshale. Alishuka chini, akapiga magoti juu ya mawe, akalia sana, akimwomba Mungu ampe muda wa kutubu. Alikuwa na umri wa miaka 24. Tangu siku ile hakurudi nyuma.

Alitaka kuwa mtawa Mkapuchini, nao wakampokea. Lakini kanzu nzito ya kitawa ilikuwa ikisugua kidonda chake kila alipotembea, kidonda kikafunguka upya, nao wakalazimika kumrudisha duniani. Akaenda tena San Giacomo kutibiwa. Alikaa huko karibu miaka minne. Alipopona kidogo aliwarudia Wakapuchini. Kidonda kikafunguka mara ya pili, na mlango ukafungwa kabisa.

Camillus aliona huzuni, kama mtu aliyekataliwa na Mungu. Hakujua bado ya kuwa kidonda kile ndicho kilichokuwa mwalimu wake. Kwa njia ya kidonda alilala katika kitanda cha wagonjwa. Alijua jinsi shuka chafu inavyonuka. Alijua jinsi mtu asiyeweza kusimama anavyongoja usiku kucha mtu wa kumgeuza, na jinsi anavyoogopa akisikia hatua za mhudumu mkali. Mtu aliyelazwa hajui kama mkono unaomjia unakuja kumsaidia au kumvuta. Camillus alijua hofu hiyo, maana ilikuwa hofu yake.

Msimamizi wa hospitali

Wakubwa wa San Giacomo walipoona jinsi alivyogeuka, walimfanya msimamizi wa nyumba yote. Yule aliyefukuzwa kwa sababu ya karata sasa alishika funguo za stoo, akanunua chakula, akawaongoza watumishi.

Hapo aliona mambo ya kuhuzunisha. Watumishi wa hospitali za wakati ule walikuwa watu wa mshahara mdogo, na wengi wao hawakupenda kazi yao. Wagonjwa walipewa chakula bila kuangaliwa kama wanaweza kula. Vitanda havikutandikwa. Mtu dhaifu aliposhindwa kugeuka, alivutwa kwa nguvu au aliachwa alivyo. Tena lilikuwako jambo la kutisha kuliko yote: wengine walichukuliwa upesi mno kwenda kuzikwa, hali pumzi haijawatoka. Kwa sababu hiyo Camillus baadaye aliwaagiza ndugu zake waendelee kusali kwa muda wa robo saa karibu na mtu aonekanaye amekufa, wala wasiruhusu uso wake kufunikwa mapema.

Alijaribu kuwaonya watumishi, akakesha ili awafumanie wakilala zamu. Haikufaa sana. Ndipo usiku mmoja wa Agosti mwaka 1582 akapata wazo moja: mgonjwa hatatunzwa vema na mtu anayetazama mshahara tu, atatunzwa vema na mtu anayemtumikia kwa ajili ya Mungu. Basi akakusanya wenzake wachache, wakaanza kusali pamoja na kuwahudumia wagonjwa bila malipo.

Shetani hakulala. Wakubwa wengine walidhani ya kuwa Camillus anataka kuwanyang'anya hospitali. Walivunja chumba chao cha sala na kuwakataza kukutana. Camillus alichukua msalaba wa Yezu uliokuwa mle chumbani akaenda nao chumbani kwake, akalia mbele yake. Wasimulizi wa maisha yake wanasema kwamba katika usingizi alimwona Bwana msalabani akimtia moyo, na kumjulisha ya kuwa kazi ile si ya Camillus, bali ni yake Bwana mwenyewe.

Padre na mwanzilishi

Baba yake wa kiroho, Mtakatifu Filippo Neri, pamoja na marafiki wengine, walimwona anahitaji kuwa padre ili kazi yake iwe na nguvu. Lakini hakujua Kilatini. Basi mtu huyu wa miaka 32, mrefu kuliko mlango, akaenda kukaa katika benchi pamoja na watoto wadogo katika shule ya Wayezuiti mjini Roma. Watoto walimcheka kwa kuchelewa kwake. Yeye alivumilia akajifunza. Sisi walimu wa shule tuwakumbushe wanafunzi wetu habari hii, na hasa wale waliochelewa kuanza. Alipewa upadre tarehe 26 Mei 1584.

Mwaka ule ule aliiacha San Giacomo, akaanza kukaa na wenzake katika nyumba ndogo. Kila siku walikwenda katika hospitali kubwa ya Roho Mtakatifu, karibu na mto Tevere, kuwatumikia wagonjwa. Tena aliwaandikia ndugu zake kanuni za kuwatumikia wagonjwa hospitalini. Katika kanuni hizo aliwataka wajilinde wasimtendee mgonjwa maskini kwa maneno mabaya wala kwa ukali, bali kwa upole na mapendo. Tena aliwaagiza waombe neema ya kuwa na moyo wa mama kwa jirani, wapate kuwatumikia wagonjwa jinsi mama mpenzi anavyomtumikia mtoto wake wa pekee aliyeugua.

Fikirini juu ya mfano huo. Mama anapomnyanyua mtoto mgonjwa, hamshiki mkono mmoja akamvuta. Humwita kwanza kwa jina lake. Hupitisha mkono chini ya kichwa na mwingine chini ya mgongo, humkaribisha kifuani, ndipo huinuka. Hakuna aliyemfundisha shuleni, mapendo yamemfundisha. Camillus alitaka watu wazima wajifunze kwa bidii yale ambayo mama huyajua kwa mapendo. Kila mara aliwahimiza ndugu zake watie moyo ndani ya mikono yao.

Tarehe 18 Machi 1586 Papa Sixtus V aliuthibitisha umoja wao, na mwezi wa Juni mwaka huo akawaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. Ndivyo ndoto ya mama ilivyopata maana yake: mwana mwenye msalaba kweli alifuatwa na wengi wenye msalaba, lakini hawakuwa wanyang'anyi. Siku hizi watu wakiona msalaba mwekundu hukumbuka chama cha Msalaba Mwekundu kilichoanzishwa Geneva mwaka 1863. Chama hicho kilipata alama yake kwa njia nyingine. Lakini karibu miaka 280 kabla yake, msalaba mwekundu ulikuwa umekwisha kuonekana kando ya vitanda vya wagonjwa, juu ya kanzu za watu wa Camillus. Tena ndugu zake walitumwa mpaka Hungaria, mwaka 1595 na mwaka 1601, kuwahudumia askari waliojeruhiwa huko huko vitani.

Mwaka 1591 Papa Gregorius XIV aliwafanya kuwa shirika kamili la kitawa, ndilo Shirika la Watumishi wa Wagonjwa. Pamoja na nadhiri tatu za watawa wote, wao huweka nadhiri ya nne: kuwatumikia wagonjwa hata katika hatari ya kufa. Nadhiri hiyo haikuwa maneno matupu. Mjini Napoli meli zenye askari wagonjwa wa tauni zilikatazwa kukaribia bandari. Ndugu wa Camillus walipanda meli hizo, na wawili kati yao wakaambukizwa wakafa.

Usiku wa mafuriko

Nafika sasa kwenye usiku ambao jina la Camillus halisahauliki Roma.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1598, siku ya kuamkia mkesha wa Noeli. Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku nyingi, na mto Tevere ukaanza kupanda. Mafuriko ya siku zile yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyopimwa Roma. Maji yaliingia katika nyumba na makanisa, watu wengi wakafa, na daraja moja la mawe la tangu zamani za Waroma likavunjika nusu yake. Mabaki yake yasimama katika mto hata leo.

Hospitali ya Roho Mtakatifu ilikuwa kando ya mto. Vyumba vyake vikubwa vilikuwa chini, vimejaa wagonjwa. Camillus alifika jioni, akayatazama maji, akatambua ya kuwa usiku hautakwisha kabla hayajaingia. Wengine hawakuona haraka. Walidhani mto utarudi wenyewe kama ulivyofanya mara nyingi. Camillus hakukubali kungoja. Aliwaita ndugu zake, wakaanza kuwahamisha wagonjwa mmoja mmoja mpaka ghorofa ya juu.

Ndugu wasomaji, hesabuni kazi hiyo. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 200. Wengine walikuwa na homa, wengine na mifupa iliyovunjika, wengine walikuwa karibu kufa. Hapakuwa na taa nyingi, na ngazi zilikuwa za kupandwa kwa miguu. Mtu mwenye haraka na hofu angewatupa juu kama mizigo, na wengi wangekufa si kwa maji bali kwa kubebwa vibaya. Watu wa Camillus walifanya kazi usiku kucha. Waliwabeba wagonjwa, wakapandisha na vitanda, matandiko, chakula na dawa. Camillus alikuwa na umri wa miaka 48, na kidonda chake mguuni. Alikwenda na kurudi ndani ya maji.

Maji yalipofurika katika vyumba vile na kupanda kupita kimo cha mtu, vitanda vya chini vilikuwa vitupu. Hakubaki mgonjwa hata mmoja wa kuzama.

Mwaka 1746 mchoraji Mfaransa Pierre Subleyras aliuchora usiku huo katika picha kubwa, ambayo hata leo imetunzwa Roma. Anaonekana Camillus amembeba mgonjwa, na maji yamefunika sakafu. Nadhani kila mtu abebaye mgonjwa angefaa kuitazama picha hiyo mara moja maishani.

Mwili uliochoka

Lakini tusidanganyike kwa kufikiri ya kuwa kazi kama hiyo haina gharama. Camillus alichukua kidonda cha mguu kwa miaka 46. Alikuwa na sugu zenye maumivu chini ya wayo, na mawe ya figo. Tena kwa miaka 38 alikuwa na ngiri, na waandishi wa maisha yake husimulia kwamba aliipata katika kuwahudumia wagonjwa. Mtu anyanyuaye vitu vizito na miili ya watu kila siku huweza kuumiza mgongo na tumbo lake. Waganga wa siku zetu wanajua jambo hilo vema, na wauguzi wengi wanalijua kwa maumivu yao wenyewe.

Camillus aliyapokea maradhi yake kama huruma za Mungu. Alipokuwa hawezi tena kusimama, alikwenda kwa kujikokota kutoka kitanda hadi kitanda, awatazame wagonjwa kama wamepungukiwa na kitu. Mwaka 1607 aliacha ukubwa wa shirika, ili awe ndugu kati ya ndugu na apate nafasi ya kuwatumikia wagonjwa zaidi. Alikufa Roma tarehe 14 Julai 1614, mwenye umri wa miaka 64, akazikwa katika kanisa la Maria Magdalena. Papa Benedictus XIV alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1746. Mwaka 1886 Papa Leo XIII alimweka, pamoja na Mtakatifu Yohane wa Mungu, kuwa msimamizi wa wagonjwa na wa hospitali. Na mwaka 1930 Papa Pius XI akawafanya wote wawili kuwa wasimamizi wa wauguzi.

Nasi tufanyeje?

Wapenzi, tusimsifu mtakatifu kwa midomo tu. Muuguzi yule aliyetuonya juu ya mzee wa mchikichi alitufundisha baadaye mambo machache, nami nimekuwa nikiyarudia darasani kila mwaka. Hayo ni mafundisho ya waganga wa leo, lakini naamini Camillus angeyapokea kwa furaha.

Kwanza, sema na mgonjwa kabla ya kumgusa. Mweleze unalotaka kufanya, umwulize panapouma. Akiweza kujisaidia mwenyewe, hata kidogo, mwache ajisaidie. Kumpa nafasi hiyo ni kumheshimu.

Pili, usianze peke yako kazi ya watu wawili au wanne. Itengenezeni njia kwanza, ondoeni mawe na vitu vya kukwaza, ndipo mmwinue. Mmoja ahesabu, na wote wainue pamoja.

Tatu, anyanyuaye akunje magoti, wala asipinde mgongo. Amweke mgonjwa karibu na mwili wake. Na anapogeuka ageuke kwa miguu, asijipinde kiuno. Asimvute mgonjwa kwa mkono wala kwa kwapa, maana bega la mtu dhaifu huteguka upesi. Akiwa kitandani, ni afadhali kumsogeza kwa shuka iliyo chini yake, watu wakiishika pande zote mbili, kuliko kumkokota kwa nguvu.

Nne, mtu aliyeanguka kutoka juu, au aliyeumia shingo au mgongo, asiinuliwe ovyo. Kama hakuna hatari pale alipo, kama vile moto au maji, atulizwe alale vivyo hivyo mpaka afike mtu aliyefundishwa. Ikiwa hakuna budi kumhamisha, kichwa, shingo na mgongo vishikwe katika mstari mmoja, naye awekwe juu ya ubao au machela ngumu.

Tano, mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe mara kwa mara, kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, na ngozi yake itazamwe. Mwili unaolalia upande mmoja siku nyingi hufanya vidonda, na vidonda hivyo huweza kumwua mtu ambaye ugonjwa wake wa kwanza ungalipona.

Haya yote ni madogo. Hayahitaji fedha nyingi wala majengo makubwa. Yanahitaji subira, na watu wa kutosha, na kukumbuka ni nani tunayembeba. Bwana wetu amesema katika Injili ya Mateo kwamba tuliyomtendea mmoja wa wadogo wake tumemtendea yeye. Basi siku tutakapoitwa usiku kufunga kipoyi, na mvua inanyesha, na njia ni ndefu, tujiulize kimya kimya kabla ya kuinua: je, tungemwinua Yezu hivi?

Mzee yule wa mchikichi alipona, akatembea kwa fimbo. Kila aliponikuta njiani alinisalimu kwa kucheka, akiliuliza bega langu kama limekwisha kujifunza. Naye alifariki miaka mingi baadaye. Siku ile tulimbeba tena, kwa mara ya mwisho, mpaka kaburini. Tulimbeba polepole, kwa hatua moja, wala hakuna aliyemtikisa.

Mtakatifu Camillus, msimamizi wa wagonjwa, utuombee.